Fred Merkle: Kinda aliyeponzwa na kituo cha pili

SISI huku tunalia na mabao ya kuotea. Fred Merkle alilizwa na kituo ambacho hakukikanyaga.

Mmarekani huyu alizaliwa 1888, Watertown, Wisconsin. Septemba 23, 1908, akiwa na miaka 19 tu, kocha wa New York Giants, John McGraw, alimtoa benchi kuziba pengo la Fred Tenney aliyekuwa anaumwa mgongo. Mechi yenyewe ya besiboli ni dhidi ya Chicago Cubs, na wote wanautaka ubingwa.

Ngoma 1-1, mchezo uko ukingoni. Merkle yuko kituo cha kwanza, McCormick cha tatu. Al Bridwell akapiga mpira, McCormick akafika nyumbani, mashabiki wakavamia uwanja. Merkle kuona vile, akakata kona kwenda vyumbani kabla hajagusa kituo cha pili. Enzi hizo wengi walifanya hivyo na hakuna aliyewauliza. Ila Johnny Evers wa Cubs sheria alikuwa nayo kichwani: akadai mpira, akakanyaga kituo. Mwamuzi Hank O'Day akamtoa Merkle na alama ikafutwa.

Mechi ikarudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda 4-2 na kubeba ubingwa.

Dogo akabandikwa jina la mbumbumbu, ingawa McGraw alimtetea. Alikipiga hadi 1926, tena hata kwa Cubs haohao! Fainali tano za dunia, zote kapoteza. Jamani, mkosi gani huu?

Alipostaafu aliukwepa mchezo, akajichimbia Florida. 1950 Giants walimwita kwenye mechi ya wakongwe, mashabiki wakamshangilia. Alifariki 1956.