Jaramogi Oginga Odinga na Kampuni ya Waluo

Jina la Jaramogi Oginga Odinga linapotajwa, fikra za wengi huelekea moja kwa moja kwenye siasa. Huyo ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, akajiuzulu mwaka 1966 na kuunda chama cha upinzani. Ni nadra kukumbukwa kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mkurugenzi wa kampuni. Hata hivyo, ni vigumu kumwelewa mwanasiasa huyo barabara bila kutazama jinsi kampuni yake ilivyoundwa na mahali ilipokwama.

Odinga alizaliwa mnamo 1911 hivi huko Nyamira Kang'o, Sakwa, katika eneo la Bondo. Jirani na Sakwa ipo rasi ya Uyoma, ambako ufuo wa Luanda Kotieno unatazamana na Mbita ng'ambo ya maji. Uchumi wa mwambao huu ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, nyavu za kigeni zikaanza kutumiwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905, na kodi ya kibanda ikawalazimu watu kutafuta fedha taslimu. Mvuvi aliyezoea kubadilishana samaki na nafaka sasa aliuza kwa shilingi, na shilingi hiyo ikaishia katika duka ambalo si la jamaa yake.

Baada ya Maseno, Alliance na Makerere, Odinga alirudi kufundisha Maseno. Hakudumu katika kazi hiyo. Miaka ya 1940 alianzisha chama cha akiba huko Bondo, nacho kikakua na kusajiliwa mwaka 1947 kuwa Luo Thrift and Trading Corporation.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mfanyabiashara Mwafrika wa wakati huo hakuwa na mlango wa benki wa kubisha. Sheria ya kikoloni ilidhibiti hata mkopo ambao angeweza kupewa, kwa kisingizio cha kumlinda. Odinga alibuni njia ya kuikwepa kuta hiyo: mtaji ungetoka kwa watu wengi, kila mmoja akitoa kidogo. Alisafiri katika miji ya Afrika Mashariki, ambako Waluo walifanya kazi kwenye reli, bandarini na katika nyumba za watu, akiwauzia hisa. Kilichowekwa rehani hakikuwa ardhi wala nyumba, bali undugu na uaminifu wa mtu mmoja. Jengo la kampuni mjini Kisumu liliitwa Ramogi House, kwa jina la babu anayesimuliwa kuwa aliwaongoza Waluo hadi Nyanza, na mtambo wa kupiga chapa ukaitwa Ramogi Press. Tangazo la kuwafaa zaidi wanahisa wale lingekuwa gumu kupatikana.

Lakini muundo ule ule uliokusanya mtaji ndio uliobana ukuaji. Kampuni ilipewa kazi mbili zisizokwenda pamoja daima: kuleta faida, na kuthibitisha kwamba Mwafrika anaweza kusimamia mali yake. Jengo refu mjini lilitimiza kazi ya pili vizuri mno, ila fedha iliyojengewa ukuta haizunguki dukani. Aidha, mwanahisa aliyenunua kwa sababu ya undugu ni vigumu kumweleza kwa nini hana gawio, na meneja aliyeajiriwa kwa sababu hiyo hiyo ni vigumu kumfukuza. Wa kulaumiwa si Odinga peke yake. Wapi Mwafrika wa 1947 angejifunza uhasibu wa kampuni kubwa, ilhali milango yote ilikuwa imefungwa?

Mwaka 1953 alizuru India, akaandika kwa Kidholuo kitabu kiitwacho Dweche Ariyo e India. Ni jambo la kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha kwamba mtu huyu aliona uchapishaji katika lugha ya watu wake kuwa sehemu ya biashara na si pambo lake. Mwaka huo huo alifanywa Ker wa Luo Union.

Mwanahistoria Atieno Odhiambo, aliyeandika historia ya kampuni hii, aliikomesha simulizi yake mwaka 1956. Mwaka uliofuata Odinga alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mtandao wa watu aliowatembelea akiuza hisa sasa ulikuwa mtandao wa wapiga kura. Kama biashara, kampuni haikukua kadiri ya matumaini yaliyowekwa ndani yake, na aliyekuwa dhamana yake alikuwa amepata kazi nyingine.

Odinga alifariki tarehe 20 Januari 1994, akazikwa nyumbani kwake Bondo.