Charles Kettering, mwenye alituachia «delko»

Fundi wa motokari, toka Likasi mjini mpaka Koni, anajua delko: kile kifaa kinagawanya moto kwa bujii. Wachache wanajua kama lilikuwa jina la kampuni ya Dayton, Marekani.

Kampuni hiyo aliianzisha Charles Kettering pamoja na Edward Deeds, mwaka 1909. Kettering alizaliwa 1876 kwenye shamba, kule Ohio. Macho yalimuuma mpaka akakatiza masomo. Diploma ya injinia aliipata 1904.

Wakati ule motere iliwashwa na manivele. Moto ukija mapema, mbele pistoni ifike juu, manivele inarudi kwa nguvu na kuvunja mkono. Kettering alileta moto wa batri, bobine na platini, Cadillac ikanunua. Kisha, kwa Cadillac za 1912, akaleta demareri ya umeme. Mikono ikapona!

Mpaka leo, kwa motokari ya zamani, njo tunatafuta wakati ule ule: alama ya puli iangaliane na ya motere, taa ya kupimia iwake platini zikifunguka. Motere ikigonga kwenye mlima, mara nyingi moto unatangulia. Zungusha delko kidogo, upande ule rota inaendea.

Lakini Kettering alitaka kumaliza kugonga kwa njia nyingine. Mwaka 1921, katika maabara yake ya General Motors, Thomas Midgley alitia madini ya risasi ndani ya esanse, kugonga kukaisha. Ni sumu. Mwaka 1924 Kettering akawa rais wa kampuni ya kuiuza. Mwaka ule ule, wafanyakazi walioitengeneza walikufa.

Yeye alikufa 1958. Kusini mwa Sahara, esanse hiyo iliachwa 2006.