Bakhita, binti wa Darfur aliyekua katika imani

Hapa Hai Malakal wengi wetu tunalijua jina la Bakhita kwa sababu ya redio ya kanisa iliyoanza kutangaza Juba mwaka 2006. Maisha yake mwenyewe tunayajua kidogo tu, na toleo hili tumeona tuyasimulie, maana kuna wanaouliza: mtu atajuaje kwamba amekua katika imani?

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur. Akiwa mtoto wa miaka saba hivi au minane alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akatembezwa kwa miguu hadi El Obeid. Aliogopa sana hata akalisahau jina aliloitwa na mama yake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Aliuzwa tena na tena. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kituruki alichanjwa chale 114 mwilini, na vidonda vikasuguliwa chumvi.

Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, alimnunua Khartoum. Huyo hakumpiga. Mwaka 1885 walifika Italia, na Bakhita akapewa familia ya Michieli, akawa mlezi wa binti yao mdogo. Mwaka 1888 wawili hao waliachwa kwa Masista Wakanosa mjini Venice, na hapo Bakhita akaanza mafundisho ya dini.

Mama mwenye nyumba aliporudi kumchukua wasafiri naye hadi Suakin, Bakhita alikataa. Tuitazame vizuri siku hiyo. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kutii kwa fimbo. Hakuwa na ndugu hata mmoja katika nchi ile, na mtoto aliyemlea alimpenda. Bado alikataa, kwa upole. Shauri lilifika kwa wakuu wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaitwa Josephine. Wengine wetu hudhani ubatizo ndio mwisho wa safari. Kwake, miaka 57 ilikuwa bado mbele.

Aliweka nadhiri za utawa mwaka 1896, na mwaka 1902 akapelekwa Schio. Huko alipika, alishona, alidarizi, alitunza vyombo vya altare, kisha akawa bawabu mlangoni. Basi! Hakuanzisha shirika. Sisi tunaopenda kuhesabu imani kwa sauti ya maombi tungempita pale mlangoni bila kumwona. Watoto wa mji walimwona. Walizoea mkono wake kichwani na sauti yake ya taratibu.

Kuhusu waliomteka, alisema kwamba akikutana nao angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa pasipo hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Neno hili ni zito, na miongoni mwetu wapo waliochukuliwa watoto wao. Tusimlazimishe mama yeyote alitamke leo. Bakhita hakulitamka akiwa bado katika minyororo, na wala hakusema utumwa ni mwema. Lilikomaa kwa miaka mingi, sala kwa sala.

Wala majeraha hayakufutika. Katika ugonjwa wake wa mwisho, akili ikipotea kwa homa, alirudi tena katika utumwa, akamwomba muuguzi ailegeze minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Mwanamke aliyekwisha kusamehe, mtawa wa miaka hamsini, alikuwa bado anaihisi. Wale wanaoshtuka usiku kwa ajili ya milio ya bunduki za zamani, na asubuhi wanaona haya kuja kanisani wakidhani imani yao ni ndogo, tunaomba walisikie jambo hili.

Alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.