Kurt Lewin: Mwanasaikolojia aliyechunguza nguvu ya mahali

Mji wa Mogilno uko Poland hii leo, lakini Kurt Lewin alipozaliwa huko Septemba 9, 1890, ulikuwa chini ya Prussia. Wazazi wake, waliokuwa Wayahudi wenye duka dogo, walihamia Berlin mwaka 1905.

Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta akiwa mwanafunzi. Alijiunga na jeshi la Ujerumani na akajeruhiwa. Mwaka 1917 alichapisha makala iliyoeleza jinsi nchi inavyobadilika machoni pa askari: mbali na mapigano, uwanda huonekana hauna mwisho, karibu na mstari wa mbele, huwa na mpaka, na mlango wa nyumba ya mkulima hugeuka kuwa kuni. Mtu ni yuleyule, mahali ndipo palipobadilika. Mwaka 1936 aliiweka hoja hiyo katika fomula: tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake.

Wakati huo alikuwa tayari mkimbizi. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Lewin alihamia Marekani. Mama yake alibaki Ulaya, akauawa katika kambi ya Wanazi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliwahimiza akina mama wapike moyo na figo. Lewin alibaini kwamba miongoni mwa waliohutubiwa tu, asilimia 3 walizipika. Miongoni mwa waliojadiliana na kuamua kwa pamoja, asilimia 32. Kwake, mazingira yalikuwa pia watu wanaomzunguka mtu.

Alifariki dunia Februari 12, 1947, akiwa na umri wa miaka 56, muda mfupi baada ya kuanzisha kituo cha utafiti katika chuo cha MIT. Watafiti wa kituo hicho, wakiongozwa na mwanafunzi wake Leon Festinger, walichunguza makazi ya Westgate, walikoishi wanafunzi wenye ndoa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1950, yalionesha kuwa urafiki ulifuata zaidi mpangilio wa milango na ngazi. Wakazi ambao nyumba zao zilielekea barabarani, badala ya uani pamoja na wenzao, walikuwa na marafiki wachache.

Upweke ambao mkazi angeweza kuudhania kuwa kasoro yake mwenyewe ulikuwa umechorwa tangu awali kwenye ramani ya msanifu.