Rubani Aliyeponea Juu ya Bahari Injini Zikimgeuka Moja Baada ya Nyingine

Uwanja wa ndege wa Sydney, Australia, unaitwa Kingsford Smith. Mamilioni ya watu hupita pale na mabegi yao, na wengi hawajui huyu msee alikuwa nani. Wacha nikupe story yake, maana ni noma.

Charles Kingsford Smith alizaliwa Brisbane mwaka wa 1897. Bahari ilianza kumwinda mapema: 1907 akiwa mtoi alikaribia kuzama Bondi, Sydney, akaokolewa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alienda Gallipoli, kisha akawa rubani. Mwaka wa 1917 alipigwa risasi mguuni na sehemu ya mguu ikakatwa. Mwingine angetundika daluga. Yeye wapi!

1928, akiwa na wenzake watatu, alivuka Bahari ya Pasifiki kutoka California hadi Brisbane, wakitua Hawaii na Fiji njiani. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa ndege. Yao ilikuwa Fokker ya injini tatu, jina lake Southern Cross.

Sasa shika hapa. Tarehe 15 Mei 1935, ndege hiyo hiyo ilitoka Australia ikipeleka barua New Zealand. Ndani walikuwa watatu: Kingsford Smith, rubani mwenzake P.G. Taylor na John Stannage wa redio. Wakiwa katikati ya maji, kipande cha bomba la moshi la injini ya kati kilikatika, kikagonga propela ya kulia. Ndege ikatetemeka vibaya sana. Kapteni akazima injini ya kulia na kugeuza kurudi nyumbani. Mizigo ikatupwa baharini, na baadaye hata barua.

Halafu ikaingia shida ya pili: injini ya kushoto ilikuwa inamaliza oili. Injini bila oili hujikaba na kufa, na injini moja pekee haingeweza kubeba ndege hiyo. Lakini hebu fikiria, ile injini iliyozimwa bado ilikuwa na oili!

Taylor akatoka nje. Ndiyo, nje, angani, akikanyaga chuma chembamba chini ya bawa huku upepo ukimvuta. Akakinga oili kwa chupa ya chai, akarudi ndani, kisha akatokea upande wa kushoto kuimimina. Kila akienda kumimina, kapteni alilazimika kupunguza nguvu ya injini hiyo ili upepo wake usimrushe jamaa, na ndege ilizidi kushuka kuelekea maji. Taylor alifanya safari sita. Walitua Sydney wote wakiwa hai.

Miezi sita tu baadaye, Novemba 1935, Kingsford Smith alikuwa akikimbiza rekodi ya Uingereza hadi Australia kwa ndege ya injini moja, pamoja na Tommy Pethybridge. Walipotelea karibu na pwani ya Burma. Alikuwa na miaka 38. Mwaka wa 1937 bahari ilirudisha mguu mmoja wa gurudumu la ndege yao. Wao wenyewe hawakupatikana hadi leo.

Jina lililo pale uwanjani ni la kapteni, na analistahili. Lakini siku ile ya Mei, aliyeshika usukani hangeweza kuifikia oili, na aliyeleta oili hangeweza kushika usukani. Kwa hivyo ukisikia rubani fulani ni shujaa, uliza pia alikuwa na nani.