Jemadari Oliver Otis Howard, Askari wa Mkono Mmoja

Katika vita vile vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyowagawanya watu wa Marekani tangu mwaka 1861 hata 1865, palikuwa na maofisa wengi hodari kumpita huyu tunayetaka kuandika habari zake. Lakini ni wachache walioaibika kama yeye mbele ya macho ya watu wote, kisha wakaaminiwa tena. Kwa sababu hiyo tumeona vema kumweka katika kurasa hizi.

Oliver Otis Howard alizaliwa tarehe 8 Novemba, 1830, katika kijiji cha Leeds, jimbo la Maine. Watu wake walikuwa wakulima. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka tisa. Hata hivyo alisoma, akamaliza chuo cha Bowdoin mwaka 1850, na chuo cha maofisa cha West Point mwaka 1854, akiwa wa nne katika darasa lake. Mwaka 1857, alipokuwa kazini Florida, moyo wake uligeuka, akashika imani kwa nguvu, hata akawaza kuacha upanga na kuwa mchungaji. Alikuwa akifundisha hesabu West Point vita vilipozuka. Basi wazo lile akaliweka kando, akawa kanali wa kikosi cha watu wa Maine.

Tarehe 1 Juni, 1862, katika mapigano ya Fair Oaks, Virginia, alipigwa risasi mbili katika mkono wa kuume, na ya pili ikavunja mfupa. Waganga wakaukata mkono. Jemadari mwenziwe, Philip Kearny, ambaye zamani alipoteza mkono wa kushoto, alikuja kumwona, na Howard akafanya mzaha kwamba sasa wangeweza kununua glovu jozi moja wakagawana. Kabla ya miezi mitatu kwisha alikuwa amerudi jeshini.

Sasa twafika penye neno zito. Mwezi wa Aprili, 1863, alipewa Jeshi la Kumi na Moja, na ndani yake walikuwamo Wajeremani wengi waliompenda mkubwa wao wa kwanza, wala hawakumpenda huyu mgeni asiyekunywa pombe na mwenye kusali mno. Tarehe 2 Mei, karibu na Chancellorsville, yeye ndiye aliyeshika upande wa kulia kabisa wa majeshi ya Kaskazini, na upande ule mwisho wake ulikuwa mwituni, wazi. Asubuhi mkubwa wake, Hooker, alimpelekea onyo ajilinde. Mchana kutwa zilikuja habari za watu wa Kusini kupita msituni, lakini wakubwa walidhani adui anakimbia. Howard aliweka vikosi viwili tu na mizinga miwili kuelekea magharibi, akaona yatosha.

Haikutosha. Jioni, askari wakipika chakula, bunduki zimesimamishwa pamoja, paa na sungura wakatoka mbio msituni, na nyuma yao wakaja watu wa Jemadari Jackson, zaidi ya 25,000. Jeshi la Kumi na Moja likavunjika. Howard alibana bendera chini ya kipande cha mkono wake uliokatwa, akiwasihi watu wasimame, wala hawakusimama. Walipotea zaidi ya 2,000 katika kufa, kujeruhiwa na kutekwa. Wengi waliwatupia lawama Wajeremani. Sisi twaona lawama iliwapasa zaidi wakubwa, na Howard kwanza, kwa maana mlinzi aliyeonywa asubuhi hawezi kusema jioni kwamba hakujua.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Julai, 1863, huko Gettysburg, jeshi lake likasukumwa tena. Lakini safari hii alikuwa ameacha sehemu ya watu wake juu ya kilima cha makaburi, na waliokimbia wakapata mahali pa kusimama. Kilima kile hakikutekwa, nalo Bunge likamshukuru.

Mwaka 1864 akawa chini ya Sherman katika Georgia. Jemadari McPherson alipouawa karibu na Atlanta mwezi wa Julai, Sherman alimpa Howard jeshi la marehemu, naye Jemadari Logan, aliyelishika kwa siku chache na kutazamia kuachiwa, akapitwa. Tarehe 28 Julai, karibu na kanisa liitwalo Ezra, Howard alisema kwamba Hood, mkubwa wa adui, atashambulia. Alimjua tangu West Point. Sherman hakusadiki. Howard hakungoja, watu wakarundika magogo na mbao za ua mbele yao. Hood akaja kweli, akarudishwa kwa hasara kubwa. Msomaji atakumbuka mwitu wa Chancellorsville.

Ndipo wakatembea hata bahari, wakaingia Savannah mwezi wa Desemba. Vita vilipokwisha, majeshi yalipita kwa shangwe Washington, tarehe 24 Mei, 1865. Sherman alimwomba Howard amwachie Logan nafasi ya kulitangulia jeshi, akimkumbusha kwamba yeye ni Mkristo na ataweza kulichukua jambo hili. Howard aliumia, maana jeshi lilikuwa lake. Akakubali, akapanda farasi kando ya Sherman.

Mwezi uo huo alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuwatunza watumwa walioachwa huru, watu kadiri ya milioni nne, kwa shule, chakula na mashamba. Sisi ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, twaweza kukisia uzito wa kazi ile. Mashamba mengi yalirudishwa kwa mabwana wa zamani kwa amri ya Rais Johnson, na Howard alitumwa mwenyewe kwenda kuwaambia watu habari hiyo mbaya. Shule zilibaki, na chuo kikuu cha Washington kilichoanzishwa mwaka 1867 chaitwa kwa jina lake. Mwaka 1877 aliwafukuza Wanez Perce, wenyeji wa nchi ya magharibi, kutoka kwao. Habari hiyo haitupendezi. Alifariki Burlington, Vermont, tarehe 26 Oktoba, 1909.