George Scovell na namba za Napoleon

George Scovell alizaliwa mwaka wa 1774, katika jamaa isiyo na jina kubwa. Katika jeshi la Uingereza vyeo vingi vilinunuliwa kwa fedha. Mali yake yeye ilikuwa lugha. Mwaka wa 1805 alimwoa Mary Clowes, binti wa ukoo uliomzidi utajiri, na tangu hapo alikuwa na sababu zaidi ya kutafuta cheo.

Vitani Ureno na Hispania, Wellington alimkabidhi waelekezaji wa njia, watu wa mataifa mbalimbali, pamoja na barua ambazo Wahispania waliwanyang'anya matarishi wa Kifaransa. Mwaka wa 1812 Wafaransa walitumia fumbo la namba zipatazo 1,400: hii neno, ile silabi, nyingine bure tu. Lakini kwa haraka, makarani waliacha maneno mengi wazi. Scovell akaanzia hapo. Baada ya neno hili, sarufi ya Kifaransa yataka nini? Namba inayorudi mara nyingi yaweza kuwa kiungo gani?

Hivyo Wellington alijua kwamba mfalme Joseph anakuja kumsaidia Marmont, akapigana Salamanca tarehe 22 Julai kabla hajafika.

Sifa zilikwenda kwa jemadari. Scovell alipewa heshima ya "Sir" mwaka wa 1815, akaongoza chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akafa mwaka wa 1861. Silaha yake kubwa ilikuwa ile tunayojifunza hapa kila siku: sarufi.